Kabla binti hajatia sahihi

Spokane, Washington
Oktoba 12, 2025

Kwako Mwalimu wangu mpendwa,

Salamu nyingi, za nyumbani na za uwanjani. Mimi mzima, ila baridi imeanza kubisha hodi. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu kwa furaha. Binti uliyemlea tangu darasa la saba leo anatakwa kama mkimbiaji na vyuo viwili vya Marekani, Berkeley na Washington State! Hongera yake, na hongera yako zaidi.

Sasa swali lako. Umeangalia ramani ukaona Berkeley iko ubavuni mwa Pasifiki, halafu karatasi zao zinasema wanashindana katika ligi ya pwani ya Atlantiki. Ukaniuliza kama kuna kosa la uchapaji. Hakuna kosa, Mwalimu. Nataka nikueleze kwa kirefu, kwa sababu jambo hili linamhusu binti yetu.

Unakumbuka tulivyosimuliwa habari za Henry Rono, mkimbiaji wetu wa Kenya. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa Washington State pale Pullman, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Ya kwanza, mita 5,000 kwa dakika 13:08.4, aliivunja huko huko Berkeley, Aprili 8. Ya pili, ya kuruka viunzi na maji, aliivunja Seattle mwezi uliofuata. Berkeley, Seattle, Pullman: vyuo vya miji hiyo yote vilikuwa vya ligi moja, ya majirani wa pwani moja, iliyoanza mwaka 1915 na baadaye ikaja kuitwa Pac-12. Leo chuo cha Seattle kiko ligi nyingine, cha Berkeley nyingine, na cha Pullman kiliachwa nyuma.

Anayeamua chuo kihame si kocha wa riadha. Ni rais wa chuo, mkurugenzi wa michezo na bodi, na mbele yao kuna mchezo mmoja tu, mpira wa Kimarekani, kwa kuwa huo ndio runinga inaougombania. Ligi huuza haki za matangazo kwa pamoja, kisha kila mwanachama hupata fungu lake. Kwa hiyo rais huuliza: hapa nilipo napata kiasi gani, na kule nitapata kiasi gani? Mwaka 2022 ligi ya Big Ten, yenye mizizi kaskazini ya kati na mashariki ya Marekani, iliuza haki zake kwa vituo vya runinga vya Fox, CBS na NBC kwa zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka 7. Wiki chache kabla ya hapo, Juni 30, USC na UCLA, vyuo vya Los Angeles, vilikuwa vimetangaza kwamba vinakwenda huko. UCLA hasa walikuwa na haraka, maana idara yao ya michezo ilikuwa imelimbikiza hasara ya zaidi ya dola milioni 100 kwa miaka mitatu.

Halafu hupimwa gharama ya kutoka. Chuo cha Maryland walipohama ligi ya Atlantiki mwaka 2014 iliwagharimu dola milioni 31.4. Texas na Oklahoma walikubali kulipa milioni 100 kwa pamoja ili waondoke mapema katika ligi yao. Tena kuna kifungo kikali kuliko faini: wanachama hukabidhi ligi haki za matangazo kwa miaka mingi, hivyo ukiondoka, mechi zako za nyumbani hubaki mali ya uliowaacha. Katika ligi ya Atlantiki kifungo hicho kilifika hadi 2036, na chuo cha Florida State walikwenda mahakamani kwa ajili yake mwishoni mwa 2023. Pac-12 hawakuwa na kinga hiyo. Mkataba wao wa runinga ulikuwa unaisha 2024, na lango lilikuwa wazi. Ofa ya matangazo waliyopewa na kampuni ya Apple ilitegemea ni watu wangapi watalipia kutazama, na rais gani atapeleka mbele ya bodi yake fedha ambazo hazijulikani? Colorado wakatangulia kuondoka. Kisha Agosti 4, 2023, kwa siku moja, vikaondoka vyuo vitano.

Jambo la tatu ndilo lililonihuzunisha zaidi: huhami unakotaka, unahama unakokaribishwa. Stanford na Berkeley, vyuo ambavyo dunia nzima inaviheshimu kwa elimu, vilibaki mlangoni karibu mwezi mzima vikisubiri. Ligi ya Atlantiki ilipovikubali, vilianza kwa takriban asilimia 30 tu ya fungu la mwanachama. Chuo cha SMU cha Dallas, kilichoingia pamoja nao, kilikubali kukaa miaka 9 bila fungu la matangazo kabisa, kikitegemea matajiri wake. Mwalimu, mtu hakubali kukaa mezani miaka tisa bila kula ila awe anaogopa kufungiwa nje milele.

Na mwanafunzi yuko wapi katika mizani hii? Bodi ya Chuo Kikuu cha California, inayosimamia UCLA na Berkeley, ilijaribu kumkumbuka, na nawasifu kwa hilo. Ilipoidhinisha UCLA ihame, Desemba 2022, iliwataka watumie fedha zaidi kwa chakula, afya ya akili na msaada wa masomo wa wanamichezo. Baadaye ikaamua UCLA iwalipe Berkeley, ndugu zao waliowaacha, dola milioni 10 kwa mwaka. Lakini safari zilibaki pale pale. Kutoka Los Angeles hadi Rutgers, chuo mwenzao wa Big Ten kule New Jersey, ni mbali kuliko Nairobi hadi Cairo, na saa zinatofautiana kwa tatu. Wasichana wa voliboli hurudi usiku wa manane na asubuhi wana darasa.

Hili nalijua kwa mwili wangu. Chuo nilichokiwakilisha mbioni kilihama ligi nikiwa mwaka wa tatu. Habari tuliisoma kwenye simu, ndani ya basi tukitoka mazoezini. Hakuna aliyetuuliza, wala aliyetueleza. Muhula ule nilifanya mitihani miwili kwenye vyumba vya hoteli. Bado nalihisi.

Niseme ukweli wote, hata hivyo. Mkimbiaji haumii kama mchezaji wa voliboli. Mbio zetu nyingi ni za mialiko, na ligi anakutana nayo hasa kwenye mashindano ya ubingwa. Ninachokihofia zaidi ni bajeti. Washington State na Oregon State walipobaki wawili, walikwenda mahakamani, wakapata usimamizi wa Pac-12, na sasa wanaijenga upya. Julai 2026 watajiunga nao Boise State, Fresno State, Gonzaga na wengine. Nawaheshimu mno kwa ukaidi huo. Lakini mwaka huu Washington State ilifuta mashindano ya kurusha na kuruka, na kuelekeza nguvu kwenye mbio ndefu. Kwa binti yetu huenda hiyo ni nafuu. Kwa mrusha mkuki ilikuwa mwisho wa safari.

Kisha tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza, na vinavyofuata utaratibu huo vimewekewa kikomo cha wachezaji. Timu ya mbio za nyika isizidi watu 17. Nafasi si nyingi.

Kwa hiyo mwambie awaulize makocha wote wawili, na majibu ayapate kwa maandishi. Ufadhili ni wa mwaka mmoja au minne? Akiumia mguu, unaendelea? Kocha mwenyewe mkataba wake unaisha lini? Mashindano ya ubingwa ya ligi yanafanyika wapi, na yanagongana na mitihani? Ligi ikibadilika tena, nani atamwambia, na lini? Kocha atakayekasirishwa na maswali haya amekwisha kujibu.

Ukiniuliza moyo wangu uko wapi, uko Pullman, kwa sababu ya Rono, na kwa sababu ni mwendo wa kilomita 120 tu kutoka mlangoni kwangu. Akipatwa na lolote, nitafika. Ila Berkeley ni Berkeley, na anayekwenda kusoma ni yeye.

Anipigie Jumapili ijayo, saa moja usiku wenu. Huku itakuwa saa tatu asubuhi, nami nitakuwa nimeketi na simu mkononi. Mwambie aje na barua zote mbili tuzisome mstari kwa mstari. Wewe pia ukae karibu.

Wako akupendaye,
mwanafunzi wako wa zamani