Vijana wa gesi waambiwe ukweli kuhusu kaskazini

Mhariri, salaam nyingi kutoka Lindi. Toka habari za mradi wa gesi wa Likong'o zianze, vijiweni huku stori ni Norway tu, kwamba Equinor ni kampuni ya kule basi ipo siku vijana wetu watapelekwa kusomea kazi. Inshallah iwe hivyo. Kinachoniuma ni maneno yanayozungushwa, eti kule ni usiku miezi 6 na mchana miezi 6, watu wanajifungia ndani tu, mwanao akienda anarudi kichaa.

Si kweli jamani. Hiyo miezi 6 ni pale kwenye ncha yenyewe ya dunia, hakuna mji pale. Chukueni Hammerfest, mji wa kaskazini kabisa mwa Norway, ndo kwenye kiwanda cha Equinor cha kugeuza gesi kuwa kimiminika, kisiwani Melkøya, kimeanza 2007. Jua linapotea kwenye tarehe 21 Novemba hivi linarudi kwenye tarehe 21 Januari, na hata hapo si giza totoro, adhuhuri panakuwa na mwanga wa bluu kama wetu wa alfajiri kabla jua halijatoka. Kazi hazisimami. Watoto wanaenda shule na vizibao vinavyong'aa gari likiwamulika, wavuvi wanaingia baharini maana bandari haigandi, kuna mkondo wa maji ya uvuguvugu unapanda kutoka Atlantiki. Alafu kusini yake, kwenye visiwa vya Lofoten, kuanzia Januari mpaka Aprili ndo msimu mkubwa wa samaki wanaemwita skrei, wanamtundika nje kwenye vichanja vya miti anakaushwa na upepo wa baridi bila chembe ya chumvi, mpaka Nigeria ananunuliwa. Mama zetu wa ng'onda wangependa sana kuona hilo.

Mimi naona kiangazi chao ndo kigumu zaidi kwa mtu wa huku. Katikati ya Mei mpaka mwisho wa Julai jua halizami kabisa, saa sita ya usiku mtu yuko nje anapaka nyumba rangi, bila pazia zito jeusi hulali. Sisi mwaka mzima mchana wetu unapishana saa moja na kidogo tu, mwili haujazoea, kijana akikosa usingizi wiki nzima bila kuambiwa sababu atadhani karogwa!

Na kuna suala la funga. Mwaka 2030 Ramadhani inatarajiwa kuingia mwanzoni mwa Januari, Hammerfest jua halijachomoza bado, sasa mtoto atakula daku saa ngapi na kufuturu saa ngapi? Waislamu wa kule wapo wanaofuata saa za Makka, wengine wanafuata mji wa karibu ambao jua linachomoza na kuzama. Naomba masheikh wetu walizungumze mapema, vyuo vinavyowafundisha vijana kuchomelea viwape na kipindi cha maisha haya, na wewe mhariri utupe japo ukurasa mmoja wenye ramani.

Mzazi wa kijana wa ufundi, Lindi