Blogu za mikoani ziandike yaliyo mlangoni kwao

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Wiki mbili zilizopita mlichapa makala iliyowashauri vijana wenye blogu waongeze wasomaji kwa kupandisha habari kumi kwa siku na kuweka vichwa vya habari vya kushtua. Niliisoma nikiwa dukani kwangu Mwanga, hapa Kigoma, ambako nina steshenari ndogo ya kutoa kopi na kuchapa barua za watu. Jioni nikairudia. Ushauri ule niliufuata mwaka mzima na nusura uniulie blogu, ndiyo maana nimeshindwa kunyamaza.

Nilifungua blogu mwaka 2016. Wakati huo kila aliyekuwa na simu janja na bando alitamani kuwa Michuzi, yule mwanablogu maarufu. Asubuhi nilikuwa nachukua habari za Dar es Salaam na za mpira, nabadilisha maneno mawili matatu, napandisha. Kichwa kinasema "Utashangaa", ndani hakuna cha kushangaza. Watu walibofya, kwa sababu nilikuwa natupia linki kwenye makundi ya WhatsApp kutwa nzima. Ila takwimu zilikuwa zinaonyesha mtu anaingia, anakaa sekunde chache, anatoka, na kesho harudi. Na arudi kufuata nini? Habari ya Simba na Yanga ameshaisikia redioni kabla mimi sijafungua duka.

Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni. Leseni shilingi milioni moja, maombi laki moja. Sikuwa na fedha hiyo, nikasimama, kama walivyosimama wenzangu wengi. Baadaye tulichanga watu watatu nikarudi kwa leseni. Lakini kile kipindi cha ukimya ndicho kilichonifumbua macho, maana niliendelea kuchungulia takwimu. Miezi inapita sijaandika hata mstari, habari zangu zote za kushtua zimekufa, ila kuna andiko moja linafunguliwa kila siku. Lilikuwa andiko fupi nililoliandika harakaharaka kuhusu dagaa wa mchanga, yaani walioanikwa chini, na dagaa wa chanja, walioanikwa juu ya chanja.

Google ina chombo cha bure kinachomwonyesha mwenye blogu maneno ambayo watu waliyaandika hadi wakamfikia. Nikakifungua. "Bei ya dagaa Kigoma." "Dagaa wasio na mchanga." "Kusafirisha dagaa kutoka Kigoma." Walikuwa watu wa Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, mama lishe na wachuuzi wanaotaka kununua mzigo wasilaliwe. Walikuwa wamegonga mlango wangu muda wote huo, na mimi niko ndani nanakili habari za watu wengine.

Basi nikaanza kwenda Kibirizi kabla ya kufungua duka. Mama mmoja anayeanika pale ufukweni ndiye aliyenifundisha. Alichota konzi ya dagaa walioanikwa chini, akawasugua kati ya viganja, akanifunulia: mchanga umebaki kwenye mistari ya mikono yake. Akachukua konzi nyingine, wa chanja, akasugua, viganja vikabaki na mafuta kidogo na magamba yanayong'aa. Kisha akanipa bakuli la maji akaniambia, "Mwanangu, anayenunua akiwa mbali mwambie afanye hivi hivi." Nilipiga picha nne tu: mikono mitupu, mikono yenye mchanga, bakuli mwanzoni, bakuli baada ya dakika moja mchanga ukiwa umetulia chini. Andiko lile lina zaidi ya miaka mitatu sasa na bado linaletewa maswali kila wiki. Najibu yote, hata nikijibu usiku.

Nikajifunza pia kuandika kwa kufuata mwezi. Wavuvi wetu wanavua dagaa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawaifuati taa, wavuvi wanapumzika, mzigo unapungua na bei inapanda. Kila mtu wa Kigoma anajua hilo. Mchuuzi wa Mbagala hajui, anadhani anaibiwa. Siku hizi kabla mwezi haujakomaa natangulia kuandika: wanaotaka mzigo waagize sasa. Wasomaji wangu wamezoea kurudi tarehe hizo bila mimi kusambaza linki popote. Na mwaka 2024, shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika ziliposimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, niliandika kila Jumatatu: nini kinauzwa, akiba ya dagaa wakavu imebaki kiasi gani sokoni, wanaoanika wanaishije. Hakuna kipindi nilichopata wasomaji wengi kama miezi ile mitatu, na nilikuwa naandika mara moja kwa wiki, si mara kumi kwa siku.

Kuna kosa nililolifanya ambalo sitalisahau. Niliandika kwamba boti ya abiria ya kwenda Kagunga inaondoka Kibirizi saa saba mchana, kama nilivyoambiwa kwa simu. Siku hiyo iliondoka saa tano kwa hofu ya upepo. Mama mmoja aliyetoka Kasulu na mtoto mwenye homa akafika, boti haipo. Akanipigia kwa namba iliyo kwenye blogu. Hakunitukana. Alisema tu, "Dada, mimi nimekuja kwa maandishi yako." Nilifunga duka nikaenda kumchukua, wakalala kwangu. Tangu siku hiyo habari ya boti siipandishi bila kufika ufukweni mwenyewe, na ninaandika saa niliyothibitisha. Nikikosea, sahihisho linakaa juu kabisa, mbele ya habari yenyewe. Yule mama sasa ananipigia kutoka Kagunga ziwa likichafuka, na mimi nawajulisha wengine.

Jambo jingine ambalo makala yenu haikuligusa ni uzito wa picha. Picha ya simu yangu ina MB nne. Kwenye vijiji vya mwambao mtandao ni wa kubahatisha, na mtu aliyenunua bando la shilingi mia tano hawezi kukaa anangojea picha zifunguke. Nazipunguza hadi KB 150 hivi, na maneno yenye bei nayaweka juu ili yatangulie. Ni kazi ya dakika tano.

Sasa nina ombi kwako, Mhariri. Zile picha nne za dagaa nimezikuta kwenye blogu moja kubwa, jina langu limekatwa pembeni, na kutoka huko zikahamia kwenye gazeti moja. Niliandika barua pepe mara mbili bila kujibiwa. Mimi sidai fedha. Nasikitika kwamba msomaji aliyeziona huko hakujua pa kuuliza swali lake la pili, na mimi ndiye niliyekuwa na jibu. Gazeti lako linapochukua habari kwenye blogu ya mkoani, litaje jina la blogu hiyo. Mstari mmoja unatosha. Kwa blogu ndogo kama yangu, kutajwa kwenye gazeti kunaleta wasomaji ambao vichwa vya kushtua havikuwahi kuniletea.

Na mwandishi wa makala ile, kama atapata nafasi ya kufika huku mwisho wa reli, namkaribisha kwa moyo mmoja. Aje wakati wa giza, taa zikiwa zimetapakaa ziwani. Tutaondoka Mwanga alfajiri, tuwahi mitumbwi inapoingia na kabla ya bei kupangwa, amwone yule mama anavyosugua dagaa viganjani.

Wako,
Mwenye steshenari,
Mwanga, Kigoma