Stempu za Kigoma na Tabora zisibanduliwe ovyo

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuwaombe wasomaji wanaofungua masanduku ya wazee wao: stempu za zamani zisiuzwe kwa mafungu, wala zisibanduliwe kwenye bahasha, kabla hazijatambuliwa. Kati ya 1914 na 1922 barua za huku zilipita mikononi mwa Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza, na kila mmoja aliacha alama yake.

Anza na fedha iliyoandikwa, maana picha hudanganya. Meli ya Kaisari, Hohenzollern, imo kwenye stempu za Afrika Mashariki ya Wajerumani tangu 1901. Bei ikiwa kwa pesa (jina la sarafu ndogo ya wakati ule), stempu ni ya toleo la kwanza, pesa 64 zilipofanya rupia moja. Ikiwa kwa heller, ni ya 1905 na kuendelea, heller 100 kwa rupia. Kichwa cha twiga na neno Tanganyika ni Mwingereza, 1922.

Kinachopotea zaidi ni stempu za Kongo ya Wabelgiji za 1915. Mtu akisoma "Congo Belge" anaitupa kwenye fungu la Kongo. Itazame tena! Wabelgiji waliingia Kigoma na Tabora 1916, na stempu hizo zikagongwa maneno mapya juu yake: RUANDA au URUNDI kwa muhuri wa mkono, kisha maandishi marefu ya Kifaransa na Kiholanzi yanayotaja ukaliaji wa Wabelgiji. Za Msalaba Mwekundu za 1918 zina herufi A.O. tu (Afrique Orientale, yaani Afrika Mashariki). Zipo pia zenye majina KIGOMA, TABORA na KAREMA. Hizo hazikuidhinishwa rasmi, kwa hiyo usilipe bei ya zile rasmi, ila usizitupe. Herufi G.E.A. (German East Africa, Afrika Mashariki ya Wajerumani) juu ya stempu za Afrika Mashariki na Uganda zenye sura ya Mfalme George V ni za Waingereza, tangu 1917.

Muhuri wa mkono ni rahisi kughushi, na walioghushi ni wengi. Chukua kioo cha kukuzia mara 10 na utazame pale wino wa neno RUANDA unapokutana na wino wa muhuri wa posta. Neno lapaswa kuwa chini, muhuri wa posta juu yake, kwa sababu stempu iligongwa neno kwanza ndipo ikauzwa na kutumika. Wino wa neno ukipita juu ya mviringo wa posta, mtu ameliongeza baadaye. Soma na tarehe: muhuri wa kabla ya 1916 hauwezi kukaa na neno hilo. Kigoma na Ujiji zilibaki chini ya Wabelgiji hadi 1921, hivyo G.E.A. yenye muhuri wa Kigoma wa 1918 tungeichunguza mara mbili.

Ndiyo maana bahasha isiguswe. Muhuri wa Udjidji (Wajerumani waliandika hivyo) ukiwa mzima juu ya bahasha unaeleza njia na siku. Ukishabandua stempu, unabaki na nusu ya mviringo. Stempu zilizokwisha kukatwa na hazina muhuri wa maana ziloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15 hadi 20, zijiachie zenyewe. Usiloweke za rupia na shilingi nyingi za Mwingereza: wino wake ulitengenezwa uyeyuke ili watu wasifute muhuri na kuzitumia tena. Zile zilizotumika kulipia ushuru, kisha alama ya kalamu ikafutwa na kupigwa muhuri bandia, huonyesha rangi iliyopauka pale mstari wa kalamu ulipopita.

Meno ya ukingoni mwa stempu nayo hesabu, yaliyomo ndani ya sentimita 2. Za Kenya, Uganda na Tanganyika za 1938, zenye George VI, picha ni ileile lakini zipo za meno 13¼ na za 14, na bei hutofautiana sana. Alama ya maji (iliyomo ndani ya karatasi yenyewe), taji na herufi CA, huonekana stempu ikilazwa kifudifudi juu ya kitu cheusi.

Shika kwa kibano, si kwa vidole. Salotepu isikaribie kabisa: gundi yake hupenya karatasi na kuacha doa la kahawia lisilotoka. Usiyoitambua itie kwenye bahasha yake ya karatasi, uandike nje ilitoka kwenye barua ipi.

Wakusanyaji wa stempu,
Ujiji, Kigoma