YAH: MFUKO WA VITABU VYA LIKIZO

Ndugu wazazi na walezi,

Salaam. Ripoti za matokeo mtazipata kwa watoto, sitazirudia hapa. Barua hii inahusu mfuko wa vitabu ambao kila mwanafunzi anarudi nao nyumbani.

Utaratibu wake tumeutoa kwa Mary Titcomb, mkutubi wa Marekani ambaye klabu ya maktaba ilisoma habari zake muhula huu. Alizaliwa mwaka 1852, akajifunza kazi bila mshahara kwenye maktaba ya Concord, Massachusetts, akatumikia miaka mingi Rutland, Vermont, kisha akakabidhiwa maktaba mpya ya Hagerstown, Maryland, iliyofunguliwa 1901. Wasomaji wake wengi walikuwa wakulima waliotawanyika mashambani. Alianza kwa kuwapelekea makasha ya vitabu madukani na kwenye ofisi za posta, hadi vituo vikazidi 60. Hata hivyo, aliyekaa mbali na duka hakuambulia kitu. Ndipo Aprili 1905 akatuma barabarani gari la farasi lenye rafu ubavuni, upande wa nje, na nafasi ya makasha katikati. Alilikabidhi kwa Joshua Thomas, mhudumu wa jengo la maktaba, ambaye aliijua wilaya njia kwa njia.

Lilipakwa rangi nyeusi, basi watu wakadhani ni gari la maiti na kulikataa mlangoni! Magurudumu na milango ilipopakwa nyekundu, hofu ikaisha. Dereva naye alitakiwa asiwe na haraka, kila familia ipate muda wa kuchagua. Agosti 1910 treni ililigonga gari hilo na kulivunja kabisa, na huduma ikakatika mpaka gari la injini lilipopatikana mwaka 1912.

Mfuko wa mtoto wako una vitabu 4: 2 amechagua mwenyewe, 2 amechaguliwa na mwalimu wa darasa. Tafadhali msianze na vile vya mwalimu. Mtoto akilazimishwa kitabu kigumu siku ya kwanza, vyote 4 hurudi bila kufunguliwa. Akimaliza, abadilishane na mwenzake wa jirani, ila waandike majina yote mawili kwenye kadi iliyo ndani ya jalada. Vitabu hupotea zaidi kwenye kubadilishana kusikoandikwa kuliko kwa kuchanika.

Ukurasa ukichanika, msitumie selotepu. Gundi yake hugeuka njano na kuchafua karatasi. Rudisheni kitabu hivyo hivyo na kipande chake, tutakigandisha shuleni. Kikilowa maji, kisimamisheni wima kivulini kurasa zikiwa zimeachana, na mpachike karatasi kavu kila baada ya kurasa 10 hivi, mkizibadilisha zikilowa. Jua kali hukunja kurasa, na kitabu kikifungwa kibichi huota ukungu. Mkikitoa rafuni, kishikeni katikati ya mgongo, maana kuvuta ncha ya juu ndiko kunakong'oa jalada.

Mifuko yote irudi siku ya kwanza ya muhula, pamoja na kadi. Kitabu kikipotea, msimzuie mtoto kuja shule. Aje aseme, tutaelewana.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu