Ruzuku ya magari mapya ilimfaa nani?

Mhariri,

Wapo wanaousifu mpango wa serikali ya Marekani wa mwaka 2009, uliotenga dola bilioni 3 ili wananchi wayasalimishe magari yao makuukuu yanayobugia mafuta na kununua mapya, kila mmoja akipunguziwa dola 3,500 au 4,500. Mimi si miongoni mwao. Fedha hizo ziliisha katika wiki chache, viwanda vikachangamka, kisha mauzo yakaporomoka mara tu mpango ulipofungwa, kwa kuwa wengi wa wanunuzi walikuwa wameharakisha tu ununuzi ambao wangeufanya baadaye. Lililonikera zaidi ni sharti la kuziharibu injini za magari yaliyosalimishwa, zikiwemo nzima kabisa, ilhali mtu wa kipato cha chini, ambaye hata kwa ruzuku hiyo asingemudu gari jipya, hutegemea soko la magari yaliyotumika.

Serikali hiyo kuziokoa kwa fedha zake kampuni za magari za General Motors na Chrysler ni suala jingine, ingawa wakosoaji huyachanganya mawili hayo. Ni kweli kwamba serikali ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 10 kwa General Motors pekee ilipouza hisa zake za mwisho Desemba 2013. Hata hivyo, kampuni hizo zilipitishwa katika mahakama ya ufilisi na kulazimishwa kujipanga upya, na kuanguka kwao kungewaburuta watengenezaji wa vipuri ambao ndio hao hao wanaoviuzia viwanda vingine vya magari.

Wenu,
Msomaji