Weupe ulio ndani ya tundu la ushanga: uuondoe au uuache?

Umenunua shanga nzuri za kioo zilizotengenezwa kwa mkono. Baada ya kuzivaa mara mbili, kola ya gauni jeusi imeingia unga mweupe. Au uzi unakatika kila baada ya wiki chache, na kila ukiangalia unaona umekatikia palepale, kwenye mdomo wa ushanga. Matatizo hayo mawili yana chanzo kimoja, nacho kimo ndani ya tundu. Mara nyingi kinasafishika nyumbani kwa beseni la maji na subira. Ila usishike sindano kabla hujajua huo weupe ni nini. Shanga nyingi ambazo sisi wauzaji na wasafishaji wa shanga huletewa zikiwa zimepasuka ziliharibiwa na mtu aliyekuwa akizisafisha.

Fundi wa shanga hukiyeyusha kioo kwenye mwali wa gesi, akakizungusha juu ya waya wa chuma cha pua wenye unene wa milimita 1.6, 2.4 au 3.2. Kwa kuwa kioo cha moto hung'ang'ania chuma, waya huo huchovywa kwanza katika uji wa kaolini na alumina (unga wa oksidi ya alumini), ukaachwa ukauke. Ushanga ukishapoa waya huchomolewa, na udongo hubaki umeganda kwenye ukuta wa tundu. Kaolini ni udongo mweupe wa jamii ya ule ambao Waganda huuita nnoni. Hapa Uganda upo Mutaka, kusini magharibi. Huo ni laini, hauwezi kukikwaruza kioo. Alumina ndiyo yenye ukali: ni ngumu kuliko kioo, na ndiyo inayousaga uzi wako polepole kama tupa. Ukisugua tundu likiwa kavu, unaisaidia kazi yake.

Shanga za Krobo kutoka Ghana ni habari nyingine kidogo. Hizo hutengenezwa kwa unga wa chupa zilizotwangwa, unaojazwa katika kalibu ya udongo iliyopakwa kaolini. Katikati husimamishwa kipande cha kikonyo cha jani la muhogo, ambacho huungua tanuruni na kuacha tundu. Kwa hiyo ukikuta kijivu kilichochanganyika na weupe, ni majivu na kaolini. Ukuta wa tundu lake huwa na mikwaruzo tangu tanuruni, kwa sababu chembe za kioo hazikuyeyuka zote hadi zikawa laini. Usitegemee tundu la ushanga wa Krobo ling'ae kama bilauri.

Sasa weupe ambao si wa kuondolewa. Ziko shanga nyekundu zenye kiini cheupe, zile ambazo misafara ya karne ya 19 ilizileta bara na kuziita samesame. Kiini hicho ni kioo. Ukikichimba, unachimba ushanga wenyewe. Kipimo chake ni rahisi: lowanisha tundu, ingiza kijiti cha kuchokolea meno, zungusha. Udongo utatoka kwenye kijiti kama chokaa. Kioo hakitoi kitu.

Ziko pia shanga ndogo za kiwandani, na hizi ndizo zinazoharibiwa zaidi, kwa sababu zimejaa kwenye shanga za kiunoni. Kioo chake ni angavu kama maji, na rangi yote imo ndani ya tundu: ya waridi, ya samawati, au fedha inayong'aa. Zitazame kwa ubavu. Ikiwa rangi imekaa kama mstari katikati na kingo ni angavu, usiingize chochote ndani yake, hata brashi. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni, suuza, basi.

Na shanga za kiunoni zilizokwisha kuvaliwa zina uchafu mweusi au wa kahawia unaonata. Hayo ni mafuta ya mwili, jasho na vumbi. Anayejipaka mafuta ya shea ya kaskazini atayaona zaidi. Hapo tupa haina kazi. Sabuni ya vyombo na saa moja majini humaliza.

Turudi kwenye udongo. Tandika kitambaa chini ya bakuli, tia maji ya kawaida yasiyo moto, tone moja au mawili ya sabuni ya maji, kisha panga shanga zisigongane. Ziache saa moja kwa uchache. Za Krobo, na zile ambazo udongo wake umekauka kama saruji, zilale humo usiku kucha. Asubuhi utaona maji yamekuwa kama maji ya kuoshea mchele. Yamwage, tia mengine. Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi: udongo uliolowa hutoka kwa vipande, uliokauka hung'ang'ana mpaka kitu kimoja kipasuke, nacho huwa ni kioo.

Baada ya hapo chukua brashi ndogo ya kusafishia katikati ya meno, ile inayouzwa kwenye maduka ya dawa. Chagua nyembamba ipite bila kulazimishwa. Fanya kazi ushanga ukiwa ndani ya maji: ingiza, zungusha mara tano au sita, toa, suuza brashi, rudia kutoka upande wa pili. Uti wa brashi hizo ni waya. Ukiona manyoya yamelala na waya umejitokeza, itupe brashi hiyo. Kwa shanga nyingi za matundu ya milimita 2 kwenda juu, kazi inaishia hapa.

Zinazobaki ndizo za tupa ya almasi. Ni kijiti cha chuma chenye chembe za almasi, kingine kimenyooka, kingine kimechongoka kama karoti. Kilichonyooka kiwe chembamba kuliko tundu: tundu la milimita 2.4 hupewa tupa isiyozidi milimita 2. Kilichochongoka ni cha mdomo wa tundu peke yake. Watu hukisukuma ndani mpaka kikwame, na hapo kinakuwa kabari; kabari ndani ya kioo ina jibu moja.

Shika ushanga kwa vidole, chini ya maji, ukiuzungushia kipande cha tyubu ya baiskeli usiteleze. Koleo hapana. Zungusha tupa kwa mkono huku ukiipeleka mbele na nyuma, bila kusukuma. Fika katikati, kisha geuza ushanga uingie upande wa pili. Tupa ikitokezea kwenye mdomo wa mbele kutoka ndani, hukimegua kioo pale kilipo chembamba, na mmeguko huo mdogo wa ukubwa wa punje ya ulezi utaukata uzi haraka kuliko udongo ulivyokuwa ukiukata. Kila nusu dakika, toa tupa uisuuze. Ikikwama, usiilazimishe, rudisha ushanga majini robo saa, kisha irudishe tupa kinyumenyume taratibu.

Maji yana kazi tatu hapa. Hupooza kioo, kwa sababu msuguano huleta joto mahali pamoja na kioo kikapasuka kutoka ndani. Huondoa unga usizibe meno ya tupa. Na huzuia vumbi. Vumbi la kioo na kaolini likiingia mapafuni halina faida yoyote, na kitambaa ulichojifunga puani hakilizuii. Wanaotumia mashine ndogo ya kuzungusha waiweke kwenye mwendo wa chini kabisa, na iwe ya betri. Mashine yenye waya wa umeme juu ya beseni la maji si ya kujaribu.

Maji machafu usiyamwage kwenye sinki. Yaache yatulie, mimina ya juu, tope la chini litupe na taka. Kaolini ikituama kwenye mabomba huziba.

Kuhusu dawa ambazo wateja hutuuliza: siki na ndimu haziyeyushi kaolini hata ukiloweka wiki nzima. Zinaondoa ukoko wa chokaa unaoachwa na maji tu, na kama ushanga una karatasi ya fedha juu yake zinaweza kuufubaza. Dawa ya kung'arishia nguo haina inachoufanya udongo huu. Ya kuogopwa ni dawa ya kuondoa madoa ya kutu: baadhi yake zina asidi ya haidrofloriki, ambayo hula kioo na huunguza mwili mpaka ndani, wakati mwingine bila maumivu ya mwanzo ya kukuonya. Sindano ya kushonea chuma chake kigumu kinaweza kukwaruza kioo. Na usijaribu kuuchoma uzi wa zamani uliokwama tunduni kwa kiberiti cha gesi: nailoni huyeyuka na kuganda humo, na kioo nacho hupata moto upande mmoja.

Kukausha kufanyike kivulini, juu ya kitambaa, hadi kesho yake. Mashine ya nywele, jiko la mkaa na bati la jua kali viache. Shanga za Krobo zipe siku mbili, maana zina vitundu vidogo vinavyotunza maji. Kisha chukua uzi mweusi wa pamba, upitishe tunduni, uvute mbele na nyuma mara tatu. Ukitoka mweusi, tunga. Ukitoka na vumbi, rudi kwenye maji.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi. Ushanga angavu ukiwa umelowa unaonekana safi kabisa, ukikauka mstari mweupe unarudi. Ikiwa uzi mweusi umetoka safi, huo si udongo tena. Ni kioo kilichokwaruzika, ama kwa tupa, ama kwa sababu fundi alikipasha moto kupita kiasi udongo ukaingia ndani ya ngozi ya kioo. Hautatoka. Kuendelea kukwangua kunaongeza weupe na kupunguza ukuta. Tone la mafuta meupe ya madini huuficha kwa muda, nasi hatupendi kuuza ushanga kwa ujanja huo. Afadhali uufunike kwa uzi wa rangi ya kioo chenyewe.

Ukituletea, zilete zikiwa bado kwenye uzi, hata kama umechakaa, ili mpangilio usipotee; kama umeshakatika, ziweke kwa safu kwenye mkanda wa gundi. Tunahesabu mbele yako na kukagua kila moja kwa lenzi na mwanga kutoka nyuma. Bei inafuata tundu, si ukubwa wa ushanga: tundu jembamba la milimita 1.6 kwenye ushanga mrefu lina kazi kuliko tundu pana la ushanga mnene. Ulio na ufa unaoanzia mdomoni tunakurudishia bila kuugusa, pamoja na ule ambao hukujua kama fundi aliupoza polepole ndani ya tanuru, mpaka utuambie uko tayari upasuke mikononi mwetu. Kioo kilichopoa haraka hubaki na mvutano ndani yake, na kinaweza kukaa kabatini miaka kikasubiri tupa.