Mfumo uliokataa ng'

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu vijana wanaojifunza kutengeneza mifumo ya ofisi kwa wiki sita imenifanya niache kazi niandike. Wiki sita sina ugomvi nazo. Ninachouliza ni wiki ya ngapi wanafundishwa kuufunga huo mfumo wezi wasiingie, maana mimi sikufundishwa hata siku moja, na aliyenifumbua macho ni mzee ambaye hajawahi kugusa kompyuta.

Mwaka 2018 nilitengeneza mfumo wa kusajili wanachama wa chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Tabora. Kwa macho ulipendeza. Siku moja akaja mzee ambaye jina lake linaanza na Ng'w. Karani akaliandika, akabonyeza hifadhi, mfumo ukatapika mistari ya Kiingereza. Akarudia, vilevile.

"Babu, mfumo unagoma. Tuandike bila hiyo alama ya juu?"

"Hilo si jina langu, mjukuu wangu. Hilo ni la mtu mwingine." Akachukua fimbo yake akaondoka.

Wakazi wa Ng'ambo, hapahapa Tabora, tulikuwa tumeshawaandika "Ngambo" mwaka mzima bila mtu kulalamika, nami nikadhani ni kasoro ndogo. Alikuwepo binti wa chuo kwenye mafunzo kwa vitendo. Aliposikia kisa hicho akaniambia, "Kaka, naomba nijaribu kitu." Akafungua ukurasa wa kuingilia. Kwenye nafasi ya neno la siri akaandika ritifaa, alama ileile ya mzee, kisha maneno machache yenye maana ya "au moja ni sawa na moja". Moja ni sawa na moja siku zote, basi mlango ukafunguka. Akawa ndani kama meneja.

Nieleze kidogo. Amri inayopelekwa kwenye kanzidata, yaani ghala la taarifa za mfumo, huzungushia kila jina ritifaa mbili ili kanzidata ijue linaanzia wapi na kuishia wapi. Ukiunga jina la mtu moja kwa moja kwenye amri, ng' inaifanya idhani jina limeishia pale, na herufi zinazofuata inazisoma kama amri. Ya mzee haikueleweka, ikagoma. Ya binti ilieleweka, ikatii. Dawa yake ni kutuma amri kwanza ikiwa na nafasi wazi, jina lifuate peke yake, lipokelewe kama jina tu hata likiwa na ritifaa kumi. Nilirekebisha ukurasa mzima kwa chini ya saa moja.

Udhaifu huu ulishaandikwa hadharani tangu Desemba 1998. Mwaka 2009 maneno ya siri milioni 32 ya kampuni ya Marekani iitwayo RockYou yaliibwa kwa njia hiyohiyo, tena yalikuwa yamehifadhiwa wazi, bila kufichwa. Na ya kwangu yalikuwa wazi! Ukifungua jedwali la watumiaji unasoma neno la siri la meneja kama unavyosoma gazeti hili.

Kinachoniuma zaidi ni notisi za darasani. Nilisoma mwaka 2017, sitataja wapi. Njia ya kuongea na kanzidata tuliyofundishwa ilikuwa imeshaondolewa kwenye PHP, lugha ya kuandikia mifumo, toleo la 7, lililotoka Desemba 2015. Kwa hiyo tuligawiwa kwenye flashi programu za zamani ili notisi ziendelee kufanya kazi! Tulifundishwa kupanga rangi za vitufe wiki mbili. Hakuna aliyetuambia kwamba mwanachama akibadilisha namba ya mkopo wake 214 kuwa 215 kwenye anwani ya juu ya kivinjari, mfumo uulize kwanza kama mkopo huo ni wake. Wangu haukuuliza.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 1, 2023, na vyama hivi vina namba za vitambulisho vya taifa (NIDA), simu na madeni ya watu. Naomba walimu wa kozi hizi wafundishe kufunga siku ileile wanayofundisha kanzidata, wasingoje mwisho wa kozi. Na viongozi wa vyama, mkiletewa mfumo, kabla ya kulipa msajilini mtu wa Ng'ambo mwenye jina lenye ng', muone.

Mzee nilimfuata nyumbani, nikampa shikamoo na kumwomba radhi, akarudi kusajiliwa kwa jina lake kamili. Waliobaki, tuliowaandika bila ritifaa, wananitesa hadi leo. Siwezi kuiamuru kompyuta irudishe ritifaa kwenye kila Ng, maana Ngowi si Ng'owi. Nawapigia simu mmoja mmoja, nawauliza majina yao yanaandikwaje.

Mtengeneza mifumo,
Tabora